Jinsi ya kuchagua stuli na meza ndogo za zamani kwa ajili ya sebule

Meza ya zamani inasomwa kwa chini. Juu utaona kile muuzaji anachotaka ukione: vanishi iliyopigwa juzi, kitambaa cha kufuma, pengine na chombo cha maua. Chini ndiko ilikobaki mbao yenyewe, viungo vyenyewe, na alama za kila fundi aliyewahi kuigusa. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka stuli moja au mbili za kukaa kando ya kochi, za kuwekea kikombe cha chai, taa na simu, na ambaye angependa mvule au mkangazi uliokomaa kuliko chipubodi, yaani ubao wa chenga za mbao zilizogandishwa kwa gundi, iliyobandikwa karatasi yenye sura ya mbao.

Uganda ina meza hizi nyingi kuliko watu wanavyodhani. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na toka hapo mizigo ikavushwa Ziwa Viktoria kwa meli hadi upande wetu. Mwaka 1931 treni yenyewe ikafika Kampala. Vyombo vya maofisa wa Kiingereza, wamisionari na wafanyabiashara wa Kihindi vilipita njia hiyo. Nyingine nyingi zilitengenezwa hapa hapa, kwa mikono ya mafundi wa Kihindi na wa Kiganda, kwa mbao za msitu wa Budongo na za Busoga. Idara ya Kazi za Umma ya serikali ya kikoloni, ile iliyojulikana kwa herufi PWD, iliweka katika nyumba za maofisa samani nzito, miguu ya mraba, bila nakshi. Ukiikuta meza ya aina hiyo, ichukue kwa uzito. Ilitengenezwa ihamishwe kutoka kituo hadi kituo na isivunjike.

Hatua ya 1: Pima kochi kabla ya kutoka nyumbani

Pima kimo cha mkono wa kochi kutoka sakafuni. Stuli iwe sawa na mkono huo au chini yake kwa sentimita 3 hadi 5. Ikizidi, kiwiko kitagonga ukingo na chai itamwagika. Ikiwa chini sana, mgeni atainama kila anapofuata kikombe, na mzee mwenye mgongo hatafika. Kisha pima kina cha kochi, maana meza isitokeze mbele kuliko kiti. Acha njia ya sentimita 60 au zaidi mtu apite na sinia mkononi.

Makochi yetu mengi ni mapana na yana mikono iliyojaa sponji. Kando yake meza yenye miguu myembamba ya kuchongwa hupotea. Usiogope meza nzito.

Andika vipimo hivyo kwenye simu na ubebe futi. Jicho hudanganyika sana uani kwa watu, ambako hakuna dari wala ukuta wa kulinganishia.

Hatua ya 2: Amua kama unatafuta antiki au meza nzuri ya zamani

Katika mambo ya forodha, kitu huhesabiwa antiki kikishapita miaka 100. Kwa kipimo hicho, meza za mbao zilizotengenezwa Uganda ambazo ni antiki kweli ni chache. Lugard, ofisa wa Kiingereza, alianza kujenga ngome yake kwenye kilima cha Old Kampala mwishoni mwa mwaka 1890, na Uganda ilitangazwa himaya ya Uingereza mwaka 1894. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba stuli ya mtindo wa Kizungu iliyotengenezwa Kampala ina miaka 200, hesabu hiyo haisimami. Sehemu kubwa ya utakachokiona ni cha kati ya miaka ya 1930 na 1970.

Kwa maoni yangu hicho ndicho kizuri zaidi kwa nyumba yenye watoto na wageni. Ni kipindi ambacho mbao ngumu bado zilikuwa nyingi na fundi alikuwa anaunga kwa ulimi na tundu, yaani ncha iliyochongwa ya ubao mmoja ikiingia kwenye tundu la mwingine, si kwa misumari. Antiki halisi inataka chumba tulivu na mwenyewe mwangalifu. Meza ya mvule ya mwaka 1955 inavumilia maisha ya kawaida.

Hatua ya 3: Jua pa kutafuta

Mahali pa kwanza ni stoo za ndugu zako. Nasema hivi kwa dhati. Meza ya babu iliyopakwa rangi ya mafuta na kuwekewa mtungi wa maji jikoni mara nyingi ni bora kuliko yoyote iliyo dukani. Muulize shangazi kabla ya kumwuliza dalali.

Baada ya hapo, angalia watu wa mashirika na balozi wanaohama Kampala, hasa Kololo, Bugolobi na Muyenga, ambao huuza vyombo vyote kwa siku moja au mbili. Nenda Jinja, Mbale na Entebbe, miji yenye nyumba za zamani zinazofanyiwa ukarabati. Fuatilia minada ya taasisi zinazobadilisha samani. Pita kwa mafundi wanaobadilisha vitambaa vya makochi, kwa sababu wateja huwaachia meza zilizolegea na hawarudi kuzichukua.

Mambo mawili ya kuangalia hapa. Meza yenye namba ya serikali iliyopakwa rangi chini inaweza kuwa imeuzwa kihalali, lakini mali ya umma huuzwa kwa utaratibu wa Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya mwaka 2003, kwa hiyo omba risiti ya mnada. Na meza zilizotoka katika nyumba za Wahindi zina historia nzito: Agosti 1972 Idi Amin aliwapa siku 90 waondoke, na familia nyingi ziliacha nyumba na vilivyomo. Uliza meza imefikaje hapo ilipo, sikiliza jibu, na ukiona mtu anakwepa swali, ondoka.

Hatua ya 4: Ipindue

Omba ruhusa kwa adabu. "Mzee, naomba niipindue kidogo, nitairudisha kama ilivyokuwa." Mwenye mali nzuri hatakataa. Ondoa kitambaa kwanza, maana chini ya kitambaa ndiko hukaa alama ya moto ya pasi na ufa uliojazwa unga wa mbao na gundi. Toa meza kwenye mwanga wa jua, ilaze juu ya gunia au shuka, miguu juu.

Anza na nyayo za miguu. Sebule zetu zina sakafu ya saruji au vigae inayodekiwa karibu kila siku, na maji ya kudeki hupanda mguuni taratibu kwa miaka. Utaona pete nyeusi ya sentimita mbili tatu kutoka chini. Weusi peke yake si kitu. Bonyeza kwa ukucha, kisha kwa ncha ya ufunguo: ikizama, mguu umeoza, na itabidi ukatwe na kuungwa kipande. Miguu minne ikiwa imeoza yote na ukaikata bila kuiunga, meza itapungua kimo, na vipimo ulivyoandika kwenye simu vitakuambia kama bado inafaa.

Halafu shika mguu mmoja mmoja uutikise. Kiungo kilicholegea hakipaswi kukutisha. Gundi za zamani zilichemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na hulainika kwa maji ya moto, kwa hiyo fundi anaweza kukifungua kiungo, kukisafisha na kukigundisha upya bila kuumiza mbao. Kinachopaswa kukutisha ni misumari. Mtu akipigilia msumari kwenye kiungo kilicholegea, anapasua ulimi uliomo ndani, na kila tikiso huongeza ufa. Ukiona vichwa vya misumari pande zote za mguu, punguza bei sana au iache.

Sasa umri. Hapa ndipo maelezo yanayotoka Ulaya na Marekani yanapompotosha mnunuzi wa Uganda. Wanasema alama za msumeno zilizonyooka na droo iliyoungwa kwa meno ya kuchonga kwa mkono ni dalili ya meza ya kabla ya viwanda. Kwao ni kweli. Kwetu, wapasuaji wa mbao wameendelea kupasua magogo kwa msumeno wa watu wawili msituni karne nzima ya 20, na fundi wa mtaani bado anachonga meno ya droo kwa patasi. Alama ya mkono hapa inakuambia jinsi meza ilivyotengenezwa. Haikuambii lini.

Tumia dalili za upande wa pili, zile zinazosema "si kabla ya". Skrubu yenye kichwa cha nyota ilipewa hataza Marekani katika miaka ya 1930 na ikaenea kwenye samani baada ya Vita Kuu ya Pili. Ukiikuta mahali ambapo haijawahi kubadilishwa, meza ni ya baada ya hapo. Skrubu ya mfereji mmoja haithibitishi lolote, imeuzwa madukani miaka yote. Chipubodi ilianza kuingia kwenye samani kwa wingi katika miaka ya 1950. Plaiwudi kwenye sakafu ya droo ni ya zamani kidogo kuliko hiyo, lakini si ya enzi za Malkia Viktoria.

Dalili ninayoiamini kuliko zote ni kusinyaa. Mbao husinyaa kwa upana wa nyuzi zake, na kwa urefu karibu haisinyai kabisa. Meza ya duara ya zamani kwa hiyo si duara tena. Pima kipenyo kwa kufuata nyuzi, kisha pima kukatisha nyuzi. Ukikuta kipimo cha pili kimepungua milimita chache, ubao huo umeishi misimu mingi ya mvua na kiangazi. Anayetaka kughushi anaweza kupaka kahawa, chai au rangi ya viatu ili mbao ionekane nzee. Kusinyaa kwa aina hiyo ni vigumu kukughushi.

Angalia pia rangi ya chini ya meza. Mbao isiyopakwa kitu hubadilika kwa hewa ikawa kahawia iliyofifia, kavu, isiyolingana kila mahali: karibu na viungo ni nyeusi zaidi, penye hewa ni nyepesi. Chini kukiwa na rangi moja sawasawa kila kona, jua imepakwa. Uchakavu nao uwe mahali panapoeleweka, yaani ukingo wa upande wa kochi, kishikio cha droo, reli ya chini ambako watu huegemeza miguu.

Hatua ya 5: Itambue mbao

Mvule mpya ni wa manjano-kahawia, na kadiri unavyokaa kwenye mwanga unakuwa kahawia iliyokolea. Ni mzito, una mafuta kidogo ukiupapasa, na kiini chake mchwa hawakipendi. Wakati mwingine utakuta kipande cheupe kigumu ndani yake. Ni madini ya chokaa yanayojikusanya mti ukiwa hai, yale yanayovunja meno ya misumeno. Si kasoro. Mkangazi, ambao wengi hapa huuita mahogani, ni mwekundu-kahawia, na ukigeuza ubao kwenye mwanga utaona mistari inayong'aa na kufifia kwa zamu. Musizi ni mwepesi na wa rangi ya njano-kijani ukiwa mpya, na mara nyingi hupakwa rangi ili uonekane mvule. Inua meza kwa mkono mmoja. Ikija kirahisi mno kwa ukubwa wake, chunguza tena ndani ya droo.

Kama juu kuna vinia, ile ngozi nyembamba ya mbao nzuri iliyogundishwa juu ya mbao nyingine, itazame ukingoni. Vinia ya zamani iliyokatwa kwa msumeno ni nene, milimita moja au zaidi. Ya kisasa ni nyembamba kuliko kadi ya mwaliko wa harusi. Gonga kwa kidole ubao mzima taratibu. Panapotoa sauti ya uwazi, gundi imeachia. Meza zilizoletwa kutoka Uingereza hupatwa na hili mara nyingi zikikaa kwenye unyevu wa kando ya ziwa. Kipande kidogo kilichoinuka kinarudishwa kwa gundi na uzito, lakini ubao mzima uliovimba uachie wengine.

Hatua ya 6: Wadudu

Matundu ya mviringo ya milimita moja hadi tatu ni milango ya wadudu watobozi wakitoka. Swali ni kama wamo bado. Weka gazeti chini, gonga mguu kwa kiganja, tazama kinachodondoka. Unga mweupe au wa krimu, laini, na matundu yenye kingo safi: wamo. Matundu meusi yaliyojaa vumbi la zamani: waliondoka. Mara nyingi utawakuta kwenye sehemu ya nje ya gogo, ile nyeupe, ambayo hata kwenye mvule huliwa.

Ukinunua meza yenye shaka, usiiingize sebuleni. Mpe fundi aipake dawa ya mbao chini na ndani ya viungo, kisha iache barazani juu ya karatasi safi kwa wiki kadhaa. Unga mpya ukionekana, rudia dawa. Njia za udongo za mchwa zikiwa ndani ya mguu uliobaki ganda tupu, hakuna dawa ya kurudisha mbao.

Meza za Kihindi

Hizi zinastahili maneno yake peke yake, maana Jinja na Kampala bado zinapatikana na ni nzuri mno. Zipo za sinia la shaba lililochorwa, likikaa juu ya miguu ya mbao inayokunjwa. Zipo za pembe nane, zilizochongwa majani na maua, pengine na vipande vyeupe vilivyopachikwa.

Kwa sinia, beba sumaku ndogo, hata ya spika iliyokufa. Shaba haivutwi na sumaku; ikinasa, ni chuma kilichopakwa. Kisha weka sinia mahali pake ubonyeze ukingo. Likipinduka upande mmoja, glasi zitakwenda nalo, hivyo hakikisha miguu inafunguka hadi mwisho na bawaba hazijalegea.

Kwa vipande vyeupe, vitazame kwa karibu, hata kwa kamera ya simu iliyovutwa. Mfupa una vidoa na vistari vidogo vyeusi. Pembe ya ndovu haina hivyo, na mahali ilipokatwa kwa kukingama huonyesha mistari myembamba inayokatizana. Ukiona mistari hiyo, usinunue, hata kama meza ni ya miaka 100. Sheria ya Wanyamapori ya 2019 ni kali, na ndovu wetu wanastahili ulinzi huo.

Hatua ya 7: Bei na kubeba

Kabla ya kupatana, muulize seremala unayemwamini angekutoza kiasi gani kutengeneza meza ya ukubwa huo kwa mvule mkavu. Hiyo iwe dari yako kwa meza ya kawaida ya zamani, ukitoa gharama za matengenezo. Pandisha dari hiyo tu kama meza ina kitu ambacho seremala huyo hawezi kukirudia, kwa mfano nakshi ya mkono au ubao mmoja mpana usioungwa. Mti wa mvule wa kutoa ubao wa namna hiyo siku hizi ni nadra.

Jozi kamili huuzwa ghali kuliko meza mbili zilizo peke yake. Usilipie jozi bila sababu. Stuli mbili zisizofanana, zenye kimo kimoja na rangi zinazokaribiana, zinakaa vizuri kwenye pande mbili za kochi.

Ukibeba kwa boda, toa droo, funga miguu kwa nguo, ikae miguu juu. Uishike kwa fremu ya chini ya ubao. Ukiishika kwa ubao wa juu, skrubu zake ndizo zitakazobeba uzito wote.

Hatua ya 8: Ukifika kwa fundi

Fundi mwema atataka kukufurahisha, na njia anayoijua ni kupiga msasa hadi mbao iwe kama mpya, kisha vanishi ya kung'aa. Mkatalie kwa upole na kwa maneno ya wazi: "Kaka, gundisha viungo, usiguse uso." Rangi ile ya juu imejengwa na jua na mikono ya watu kwa miongo. Msasa wa dakika kumi unaiondoa, na kwenye vinia nyembamba unatoboa kabisa.

Jua kwanza juu kumepakwa nini. Mahali pa siri, weka tone la spiriti. Kukinata, ni shelaki, ile polishi ya zamani ya kupaka kwa kitambaa, na inarekebishika kwa kuongezewa shelaki nyingine. Kama haijanata, jaribu tone la thina. Hiyo huyeyusha vanishi za kupuliza.

Alama ya kikombe iliyo nyeupe iko kwenye polishi tu, na mara nyingi hupungua kwa kusuguliwa na mafuta kidogo na kitambaa laini. Iliyo nyeusi imeingia kwenye mbao. Mimi huziacha hizo.

Kwa viungo, mwambie fundi akwangue gundi yote ya zamani kabla ya kuweka mpya, na asipokuwa na jiriwa ndefu azungushe kamba miguuni na kuikaza kwa kijiti hadi kesho yake. Droo inayokwama wakati wa mvua isipigwe randa. Ngoja kiangazi, ukiiranda Aprili, Januari itakuwa inacheza.

Kwa kutunza uso, nta ya nyuki inatosha, na West Nile hutoa asali nyingi na nta yake. Kipimo kimoja cha nta kwa viwili au vitatu vya tapentaini. Yeyusha nta ndani ya kopo lililokaa kwenye maji ya moto, toa nje mbali na jiko lolote linalowaka, ndipo umimine tapentaini, kwa sababu inashika moto haraka. Ikipoa inakuwa laini kama siagi. Paka kidogo sana, subiri nusu saa, sugua kwa fulana kuukuu ya pamba. Mara mbili kwa mwaka inatosha. Chini ya kila mguu gundisha kipande cha ngozi au soli nyembamba, ili maji ya kudeki yasifike kwenye mbao.